Tone la Saa Tisa

Karatasi ilikatika tena Alhamisi, saa tisa usiku,
mashine namba nne, mwisho wa mitungi ya kukaushia.
Kilomita moja na nusu kwa dakika
ikageuka rundo la matambara meupe sakafuni.
Mara ya kumi na moja tangu theluji ianze.
Fomu ina kisanduku kimoja cha sababu.
Mkuu wa zamu alikijaza: uzembe.
Na jina: Tuulikki Häyrinen.

Uzembe ni neno zuri. Jepesi,
linaingia kisandukuni bila kukunjwa.
Nimelitilia saini mara kumi kwa kalamu hii hii.

Safari hii makao makuu yakasema: chunguzeni,
na msirudi na jina la mtu.
Tukaketi tisa katika chumba cha dirisha moja,
kahawa mezani, mikate mitamu ya iliki,
ukutani tukamchora samaki, mifupa mitupu,
kila mwiba na idara yake.
Umeme wakawanyooshea kidole Ufundi,
Ufundi wakawageukia Ununuzi,
Ununuzi wakasema Kemikali hawajibu barua.
Saa nzima samaki akazidi miiba. Nyama, hakuna.

Ndipo Osmo, fundi wa mabomba, anayestaafu Mei,
mtu wa maneno manne kwa juma,
akatumia ya juma zima na ya juma lijalo:
Kuna mtu yeyote hapa aliyewahi kwenda kutazama?

Tulikwenda Alhamisi, na helmeti, na viziba masikio.
Nje baridi ya kuvunja meno;
ndani mvuke, joto, mngurumo usio na koma.
Tuulikki alikuwa pale na ufagio wake mrefu.
Hakutusalimu. Alinyoosha kidole juu.

Tone.
Dogo kama punje ya mtama,
limening'inia kwenye boriti, linasitasita.
Likaachia.
Karatasi yote, upana wa mita nane, ikaenda.

Kwa nini maji? Boriti ni baridi, mvuke unaigusa unalia.
Kwa nini Alhamisi? Ndiyo siku ya karatasi nzito, yenye maji mengi.
Kwa nini boriti ni baridi? Feni za darini zimezimwa.
Nani kazizima? Saa. Saa nane hadi kumi na moja, yenyewe.
Osmo aliuliza kama anayelegeza nati yenye kutu,
robo mzunguko, anapumzika, robo mzunguko.
Nani aliipanga saa?

Kulikuwa na karatasi. Hapa kila kitu kina karatasi,
ndiyo kazi yetu.
Ya Agosti, jua la jioni likigoma kuzama:
punguza umeme asilimia nne,
wakuu wa vitengo watapewa bahashishi mwisho wa mwaka.
Chini, saini yenye kitanzi kwenye R.
Ritva-Liisa Aaltola.
Mimi.
Bahashishi nilikwisha inunulia jiko la kuni
la nyumba yetu ya ziwani. Linawaka vizuri.

Ukate mzizi wa fitina, husemwa.
Haisemwi ushike wapi panga
ukiukuta umeota katikati ya vidole vyako.

Nilidhani tumefika. Osmo hakuona hivyo.
Kwa nini hakuna aliyemwambia?
Tuulikki akavua kiziba kimoja cha sikio.
Nilisema, akasema. Tangu mara ya kwanza.
Fomu haina kisanduku cha paa.
Niliandika nyuma.

Feni zilirudishwa kabla ya mapambazuko.
Ripoti ikapita, kurasa arobaini, samaki kwenye jalada.

Mimi nilishuka ghala la kumbukumbu peke yangu,
nikazitoa fomu kumi zenye saini yangu
nikazigeuza, moja moja.
Penseli. Mwandiko wa mtu aliyevaa glavu:
maji yanatoka juu.
maji yanatoka juu.
Ya saba: maji, juu, tafadhali.
Ya kumi alichora mshale tu.