Usinunue Zote

Ilkka, toa kidole chako kwenye kitufe cha kulipa.
Nyongeza kumi na saba, punguzo la wiki ya theluji,
nawe una yuro mia na ishirini mpaka tarehe tisa.
Najua, maana umenitumia picha ya akaunti yako
na maneno mawili: nisaidie kuchagua.
Nilikuwa Oulu, kwenye foleni ya duka la dawa,
glavu moja mdomoni, nikikujibu kwa kidole gumba.

Hii ya mashine zinazoota ndoto, iache.
Ni tamu kwa yule aliyekwisha kuchoka kuwa mtu.
Hii ya mikataba nunua siku utakapopata jirani;
mwanzoni una giza tu na nyota moja ya manjano,
utatia sahihi na nani?
Hii ya muziki ni vinanda. Redio unayo.
Na hii ya janga linalokuja kuimeza galaksi nzima,
kaka yangu, kwani umepungukiwa?

Mstari huo niliufuta.
Kisha nikauandika tena, nikautuma.
Tangu kiwanda kilipokupa ile barua mwezi wa Septemba
kila mtu anasema nawe kama aliyebeba trei ya mayai,
na mimi ni dada yako, si jirani wa ghorofani.

Hii ya magofu, labda.
Miji mitupu kwenye miezi isiyo na jina,
unachimba miaka kumi unapata kijiko.
Wewe ndiwe uliyefukua bustani yote ya mama
ukitafuta sarafu za dhahabu,
ukapata bawaba ya mlango, ukailaza chini ya mto
majira yote ya kiangazi.

Lakini anza na gemu lenyewe, tupu, bila kitu.
Mchele ni mmoja; mapishi utayajua ukishaunguza sufuria.
Simamisha saa. Kitufe kile kirefu, kibonyeze bila haya,
nyota zote zitakungoja.
Peleka chombo cha utafiti kwenye nyota za karibu kwanza.
Madini kabla ya mizinga.
Usihamie sayari ya barafu
hata kama inakukumbusha nyumbani,
hasa kama inakukumbusha nyumbani.

Unakumbuka ile kompyuta ya kijivu?
Kiti kimoja, makalio mawili,
wewe kipanya, mimi kibodi.
Mimi nilijenga maghala; wewe, zamu ya kumi tu,
ulikwisha tuma manowari tatu kuvamia himaya ya watu,
na kila jioni tuliangamia kabla ya chakula,
mimi nikilia, wewe ukisema, "Karibu tushinde."

Saa nane usiku simu ikatetemeka juu ya friji.
Picha ya skrini: wingu la zambarau,
na ujumbe, "Jeppe ameingia humu. Hajatoka."
Jeppe alikuwa mbwa wetu.
Chombo chako cha kwanza umekipa jina la mbwa
aliyekuwa akifuata kila gari lililopita.

Nikakupigia. Ulikuwa unacheka,
kicheko kile cha puani, kama birika linaloanza kuchemka,
ambacho sijakisikia tangu kabla ya ile barua.
Hukununua hata moja. Si ya magofu, si ya muziki.
Mizinga mitatu, ukasema, na madini sifuri.
Nikasema, "Ilkka, mle ndani mna..."
"Nyamaza," ukasema. "Usiniambie."

Nami ninajua kilichomo mle.
Kilinila mimi mara nne, majira ya baridi mwaka juzi,
nilipokuwa silali, na sikumwambia mtu.
Nikauma ulimi.
Theluji ya Oulu ilikuwa inaanguka upande upande,
na kule kwako nikasikia kipanya kikigonga,
kikanyamaza,
kikagonga.