Aliyebaki Nyuma

Saa nane usiku, Maseno. Malori ya Busia yamepungua.
Mchana hakuna kazi: meza inatetema
na kipimo kinaandika uzito wa saruji badala ya nuru.

Leza inapiga. Si mwali, ni mpigo.
Kama mpigo huu ungekuwa kufumba jicho,
kufumba jicho kwangu kungetosha
ziwa kukauka na kujaa tena.

Na bado ndani yake mna foleni.
Ukipenya kioo, wekundu mzito hutangulia,
wekundu mwepesi hujikokota.
Basi nazitawanya rangi, nazipanga mstarini
kama watoto asubuhi mbele ya bendera,
kila moja naipa kitambo chake cha kungoja,
kisha nazikusanya, ziingie mlangoni bega kwa bega.

Mbele kuna kioo kinachopasua mpigo kuwa wawili.
Daftarini nimewaandika A na B.
Kichwani wana majina ya nyumbani:
Apiyo, mwenye haraka. Adongo, aliyebaki.
Kadi ya kliniki inasema dakika kumi na moja kati yetu.
Mama anabisha: ugali ungeiva, ukapoa, ukapashwa.

Nazungusha skrubu.
Kioo kikirudi mikroni moja tu,
Adongo anachelewa femtosekunde sita na ushei.
Kwenye karatasi, madoa mawili mekundu.
Katikati, hakuna kitu.
Skrubu. Hakuna kitu.
Nashika pumzi, maana hata joto la mkono wangu linasukuma chuma.
Skrubu —
doa la tatu, la zambarau,
ambalo hakuna kati yao aliyekuja nalo.

Nililitazama kuliko kazi ilivyodai.

Kisha nikairudisha skrubu, makusudi.
Maana wa kwanza huigonga molekuli na kupita,
hajui alichokiamsha.
Wa pili ndiye huikuta ingali inatetemeka.

Kukikaribia kucha, simu inawaka. Apiyo, kutoka Ahero,
ndege wameshamshukia mpungani.
"Wewe, bado hujafika tu?"
anacheka kabla swali halijaisha.
Namwambia niko nyuma yako, dada,
unene wa nywele tatu.
Hajibu. Nasikia akipiga debe,
kishindo, halafu mabawa.