Kisanduku Kimoja cha Alama

Saa tano usiku, Punta Arenas. Upepo unatikisa bati la jirani
kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nasahihisha. Neno lenyewe limechakaa:
mashine imekwisha kusahihisha, imepaka kijani, imepaka nyekundu,
imeniachia kisanduku kimoja, chini kabisa.

Wanafunzi thelathini na mmoja, umeme wa majumbani.
Fundi ukitaka kumjua, mtazame mikono.
Mimi nimepewa majina, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Crisólogo Vera: saba juu ya saba, kwa dakika sita.
Dakika sita! Mimi niliyeyatunga maswali
huyasoma kwa nane, tena na miwani.

Nolfa Huenchur, wa Puerto Edén: tatu.
Swali la tano hadi la kumi, patupu.
Labda mvua ya kule imeuketia mtandao,
labda mtoto kalia, labda hajui.
Mashine haiulizi ni patupu gani.

Nikawaandikia wote:
"Nyumba ina taa, birika na hita.
Taa inazimika kila chai inapochemshwa.
Niambieni kwa sauti mtafanyaje.
Mkikosea, mkosee kwa maneno yenu."

Nolfa alijibu alfajiri.
Nilisikia mvua juu ya bati, kisha mbwa, kisha pumzi.
"Mwalimu, kwanza sigusi kitu. Nazima swichi kuu,
nafunga kabati lake, ufunguo natia mfukoni,
maana shangazi yangu ana haraka ya chai.
Birika lake ni wati elfu mbili na mia mbili,
volti mia mbili na ishirini: ampea kumi.
Na fyuzi ni ya kumi. Ukiongeza hita, basi.
Kwa hiyo naweka fyuzi kubwa zaidi…
Ngoja.
Hapana. Fyuzi kubwa itaunguza nyumba.
Waya ndio mwembamba. Hita itafutiwe waya wake."

Hiyo "ngoja" niliirudia mara tatu.
Miaka kumi na tisa nafundisha,
neno hilo ndilo ninalolivizia,
na halimo katika a, wala b, wala c.

Crisólogo alikaa kimya siku mbili,
kisha akaleta sentensi tano zilizopigwa pasi,
birika halimo hata katika moja.
Nikampigia simu. Sikumwita mwizi.
Nilimuuliza kwao wanachemshia nini maji.
Akaguna. "Mwalimu, nashinda zamu ya usiku,
natoa salmoni matumbo. Majibu alinipa binamu."
Nikampa wiki moja zaidi,
na nyumba ileile yenye taa inayozimika.

Kesho ofisi ya Santiago inataka tarakimu.
Rekodi hawapokei; niliuliza,
wakanijibu kwa kiungo cha mwongozo, kurasa arobaini.
Basi nimemwandikia Nolfa sita.
Kuna atakayesema nimempendelea,
kuna atakayeuliza ile moja imekwenda wapi.
Ile moja ni ya mikono yake, ambayo sijaiona
ikikaza skrubu, ikimenya waya
bila kuukata moyo wa shaba.

Nilibonyeza "tuma". Baridi ilikuwa imenipanda magotini.
Nikachomoa hita kwanza,
ndipo nikabandika chai.