Doa

Leo ni mara ya tatu wanazihesabu, kura za rais,
ndani ya ghala la msingi, Kitangari,
juu ya meza ileile tunayochambulia korosho.
Mzani wameufunika gunia
kama mgonjwa asiyetakiwa kusikia.

Mimi ni wa chai. Nimeitwa na birika,
vikombe kumi na viwili, mihogo ya kuchemsha,
na mdomo wa kufunga.

Upande wa dirisha, watu wa Kinu.
Upande wa mlango, watu wa Kengele.
Nanyenga na Chipwaza, wameoa dada zangu wawili,
Julai walichanga wakanunua pipa moja la maji
wakagawana kwa ndoo bila kuandikiana.
Leo kila mmoja na kalamu yake,
kila mmoja na jumla yake.

"Jana zilikuwa mia nne na kumi na mbili!"
"Jana ulihesabu wewe!"
"Mnatupimia kura kwa kangomba!"
"Kangomba anaijua aliyejengea nyumba!"

Msimamizi akagonga muhuri mezani, kavu, bila wino.

Kisha ikatoka ile moja.
Karatasi kama zingine, ila juu ya mstari
unaotenga Kinu na Kengele
pana doa la kahawia, la duara, kingo zimekakamaa.
Tiki imo, ila doa limeimeza.

Wakaiinua kwenye mwanga.
Wakaazima rula ya mtoto wa shule.
"Limelalia kwetu," akasema Nanyenga.
"Limelalia kwenu, limeamkia kwetu."
"Imeharibika," akasema msimamizi,
na hapo tu, tangu asubuhi, ghala zima likawa na sauti moja:
"Haijaharibika!"

Hakuna aliyeuliza doa ni la nini.
Wote wanaijua bei ya korosho, na makato yake,
na mnada wa Ijumaa umefika ngapi.
Kubangua hawajabangua.

Mafuta ya ganda hayaogopi sabuni.
Unapaka jivu, unangoja ngozi ife, ichubuke, ije nyingine.
Siku ile nilikuwa kwenye debe la pili,
foleni imefika hadi kisimani,
na kisima chenyewe kikavu.
Nikaingia na kidole kama kilivyo.

Najua nilikoweka tiki.
Nilipajua tangu masika, kabla hawajaja na kofia zao,
na sikumwambia hata mto ninaolalia.
Ngozi ya zamani imebaki kidogo,
ukingoni mwa kucha, kwenye gumba la kulia.

"Chai!" akaita msimamizi.
Nikaufunga mkono wa kulia ndani ya khanga,
nikamimina kwa kushoto.

"Somoe, adabu," akasema Chipwaza,
macho hayakutoka kwenye rula.

Samahani, shemeji.
Sukari iko pembeni.