Imekatwa Wapi

Limozini ilishuka gatini Mkoani siku ya Alkhamisi,
ikitoka ndani ya meli kidogo kidogo
kama uongo unaotafutiwa mwisho.
Watoto waliipa jina kabla magurudumu ya nyuma hayajagusa nchi kavu:
Jongoo.
Ilipoanza mlima wa kutokea bandarini
tumbo likakaa juu ya tuta, ikagoma,
na Bi Time muuza urojo akasema bila kuinua macho:
"Jongoo hapandi mtungi. Ole wake bwana harusi."

Mimi nililetewa kesho yake, Gombani, baada ya sala ya Ijumaa,
na mwenyewe, Ussi Khatib,
aliyemaliza karafuu za misimu miwili ili aipate.
"Mkaguzi, ni shughuli ya mwanangu. Kesho. Piga muhuri tu."
Sikumjibu. Nilivua koti nikalala chini.

Juu: nyeupe ya sukari, viti vya ngozi, taa za buluu,
bilauri za sharubati zimepangwa.
Chini: mkakasi ulinionyesha kipande chake cha mti.
Gari hii ilizaliwa fupi.
Mtu aliikata kiunoni, akaivuta,
akapachika mita tatu za bati na matumaini,
akaunga kwa moto, akapaka puti, akanyamaza.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole:
hapa ngee,
hapa ngee,
hapa pu.

Breki ni zile zile za watu watano.
Viti sasa kumi na viwili, vinatazamana kama wageni wa baraza.
Mikanda miwili, yote ya mbele.
Mlango wa katikati, hakuna.

Fomu yangu inauliza tairi. Inauliza honi, waipa, kizima moto.
Haiulizi aliyekaa katikati atatokea wapi.
Aliyeitunga hakuwahi kuota gari lenye mtu wa katikati.

Basi nikamwita biharusi mwenyewe,
Raya, hina na piko ya jana mikononi.
"Kaa pale. Fumba macho.
Fikiri ni moshi. Fikiri ni usiku, gari imelala ubavu.
Haya, toka."
Nikatazama saa.

Alicheka mpaka sekunde ya kumi.
Ya kumi na tano, goti likanasa kwenye meza ya bilauri.
Ya ishirini na nane nikasikia viganja vikipapasa kioo,
kile kisichoshuka.
Alipotoka ilikuwa arubaini na moja
na hakuwa akicheka tena.
"Na huyu alikuwa peke yake," nikamwambia baba yake.

Nilipiga muhuri. Mwekundu.

Jumamosi Jongoo alitangulia, mtupu, maua juu ya boneti,
dereva amenyooka kama bakora.
Nyuma yake Raya, ndani ya Noa ya mjomba wake,
mkanda umelikunja shela, umeacha mstari.
Mama yake alinitazama dirishani
kama kwamba mimi ndiye niliyeikata gari ile.
Na Ussi, mpaka leo, akinikuta msikitini huhama safu.
Sawa. Safu ni nyingi.

Nimeandika Unguja mara mbili.
Barua ya kwanza walinijibu kuwa imepokelewa.
Ya pili hata hilo hawajasema.
Na juzi nimesikia nyingine iko njiani,
nyeusi, ndefu kuliko hii,
imekodiwa kwa mahafali ya skuli.

Nimetoa fomu mpya. Chini ya honi, juu ya sahihi,
pana nafasi ya ukucha.
Nimechukua rula, nikachora kisanduku kwa mkono,
na mbele yake nimeandika, herufi ndogo ili zienee:
imekatwa wapi?