Dirisha la Tatu, Ruwi

Ijumaa baada ya swala Ruwi inanuka bizari, dizeli
na jasho la watu waliopewa nusu siku.
Mimi niko dirisha la tatu,
kioo kimeachwa upenyo wa kupitisha noti na pumzi.
Kompyuta inauliza: Nchi?
Nabonyeza herufi mbili, inajimalizia yenyewe:
Tanzania.
Kwake yeye, limekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza linaanza.
Kokuhirwa anatuma Muleba ada ya mdogo wake,
anazihesabu riali polepole kama anayechambua maharage.
Haikaeli, yaya wa Al Khuwair, hataki risiti ikunjwe.
Nyanzobe anacheka kabla ya salamu.
Shekilindi analalamikia makato
kwa adabu nyingi hadi unaona haya kumkata.
Na Tluway, mlinzi wa ghala huko Ghala,
kijana wa Mbulu mwenye shingo ndefu,
anaitamka ain kutoka kooni, palepale inapokaa.
"Lugha yetu inayo," anasema, "tuliikuta nyumbani."
Mimi niliyeshuka hapa na miaka tisa kutoka Tabora
nilichapwa mwaka mzima kwa herufi hiyo.

Mkuu wangu, Bwana Kurian wa Kerala,
ameegemea mlango:
hawa wote ni kabila moja?
Zaidi ya mia na ishirini, namwambia.
Na wanaelewanaje?
Sikuwa na jibu la kutosha dirisha.
Bora asikilize mwenyewe, yule Mzaramo
mwenye kofia ya kampuni ya usafi:
"We Mnyamwezi, nipishe!
Babu yako alitubebea mizigo hadi Bagamoyo
na gunia moja hatujaliona mpaka leo!"
Na Mnyamwezi, bila kugeuka:
"Kamuulize Mwarabu aliyekuwa anahesabu!"

Foleni nzima ikavunjika mbavu.
Nami nyuma ya kioo nikacheka, kisha nikanyamaza,
maana kitambulisho kifuani kina jina la baba,
lenye Al mbele kama mlango wa kuchonga,
lakini bibi aliyenilea aliitwa Nyamizi,
wa Uyui, chale mbili kwenye paji.
Babu yangu mmoja alibeba.
Babu yangu mwingine alikaa kivulini na kalamu
akihesabu mizigo.
Hakuandika majina.

Mwaka wa sensa, Haikaeli alinisimulia,
mama yake kule Machame alimwambia karani:
weka na binti yangu, yuko Maskati.
Karani, kijana mpole, akasema
tunahesabu aliyelala hapa usiku wa kuamkia leo.
Kabila hakuuliza. Fomu ya kule haiulizi.
"Lakini kitanda chake nimekitandika," mama akasema.
Karani akakiangalia kitanda,
shuka la maua, mto umepigwa pigwa ukakaa sawa,
akaandika: wawili.

"Na sisi huku, tulihesabiwa?"
Nikamwambia pengine, kwenye safu ya wageni.
Akaiweka risiti ndani ya Biblia yake ndogo, bila kuikunja,
akaondoka kuwahi basi la waajiri.

Saa tatu usiku tunafunga.
Bwana Kurian anazima taa moja moja.
Natoa riali tano zangu mwenyewe
kwa Kalunde wa Uyui, ambaye sijawahi kumwona;
kwenye simu ana sauti ya bibi,
ile ya kupandisha neno la mwisho kama anayekuita chakula.
Kompyuta inauliza: Uhusiano?
Mzazi. Mwenza. Mtoto. Mwajiri.
Nyingine.
Nabonyeza Nyingine.
Fafanua, inaniambia, na kijistari kinapepesa.
Naandika: sote wawili wajukuu wa Nyamizi,
ingawa mimi niko upande huu.
Herufi zimezidi.

Napunguza kwingine.
Nyamizi simgusi.