Shamba Lisilo na Pembe

Siku ya Sabato hatushiki chaki,
kwa hiyo swali la Gershomu Wamimbi
nililibeba kichwani kama mtungi uliojaa,
nikitembea polepole lisimwagike,
mpaka Jumapili.

Nilikuwa nimewafundisha sheria ya pembe:
ukivuna, usikwangue shamba hadi ukingoni;
pembe si yako, ni ya mjane, ya mgeni,
ya yeyote ambaye njaa imemtangulia njiani.
Kwa Kiebrania inaitwa pea, nikasema,
na darasa zima likaangua kicheko:
wengine walikwisha liona parachichi.
Hata mimi nilicheka.
Walikuwa kumi na wanane,
kofia za kufuma vichwani,
matope ya Wanale viatuni.

Ndipo Gershomu, mtoto wa benchi la nyuma,
anyooshaye mkono kama anayepima mvua:
"Mwalimu, shamba letu ni la duara.
Linazunguka lile jiwe kubwa, unalijua.
Halina pembe hata moja.
Je, sisi tumesamehewa?"

Jioni, nyota tatu zilipotoka,
nilifungua vitabu tulivyoletewa kwa meli,
kurasa zinazonuka nyumba za watu wengine.
Wenye hekima wamebishana humo
juu ya ngano, juu ya zabibu, juu ya mizeituni.
Maharage ya mteremkoni hakuna aliyeyauliza.

Jumapili, kengele ya kanisa la bondeni ikilia,
tuliuacha ubao, tukaenda shambani.
Mama yake Gershomu alikuwa ameinama, anang'oa.
Tukabishana kama wenye kesi:
Nambozo akasema, tuhesabu mistari, tuache wa mwisho.
Asafu akasema, mwisho wa duara uko wapi?
Enosi akataka iwe kando ya njia,
mgeni asilazimike kubisha hodi.
Mmoja akasema tuuze yote, tugawe pesa.
Akazomewa, ingawa hakuna aliyeweza kusema kosa lake.

Yule mama hakuinua kichwa.
"Mnatafuta pembe," alisema,
"na mmesimama juu yake."

Miaka ile ya marufuku,
serikali ilipotangaza kwamba watu kama sisi hawapo,
mama mkwe wake, Debora Namono,
alilifunga gombo kwa maganda ya mgomba
akalizika ghalani, chini ya ulezi.
Askari hawakuja kwake kwanza.
Walikwenda kwa jirani, Sauba, mwanamke wa msikitini,
ambaye kila Ijumaa jioni alisikia sala zetu
zikipenya ukuta wa udongo.
Kinywa chake kilijaa majina yetu, yameiva.
Aliwapa chai.
Aliwapa habari za mvua, za ng'ombe aliyepotea.
Majina akayaacha bila kuvunwa.

"Sisi sote hapa," alisema, akakung'uta mizizi,
"ni masazo ya shamba la Sauba."

Hakuna aliyecheka.
Gershomu alikwenda upande wa pili wa jiwe,
unaotazama nyumba ya wajukuu wa yule bibi,
akapiga hatua saba, akachomeka kijiti.
"Hapo ndipo penye maharage mazuri," mama yake akasema.
"Najua."
Mama akamtazama kwa muda.
Kisha akahamisha kikapu chake.

Ijumaa nilipita.
Maharage yalikuwa pale pale,
maganda yakipasuka juani, punje zikiruka chini,
na Gershomu ameketi juu ya jiwe, akiyalinda
au akiyaaibikia, sikuweza kujua.
"Mwalimu, kama hakuna anayekuja kuchukua?
Kama wanaona haya?
Niwapelekee, au nikiwapelekea si pembe tena?"

Nilifungua mdomo.
Jua lilikuwa limegusa Wanale,
na mikononi sikuwa na chaki.